Koo la Kozi

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha vioo. Nilitoka chuoni na cheti cha ufundi sanifu wa maabara ya mifugo, nimevaa koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili, nikidhani kabla ya saa nne nitakuwa nimekaa mbele ya hadubini. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinipeleka kwenye sinki akanionyesha beseni lililojaa slaidi, vile vipande vyembamba vya kioo tunavyopakia damu ili tuitazame. Akasema, "Osha."

Niliosha mpaka saa saba. Aliporudi alichukua kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitumbukiza tena ndani ya beseni.

"Hiki kina mafuta ya kidole chako, binti. Mtu atakitazama aone uchafu wako, aseme ni ugonjwa wa ng'ombe."

"Nitakirudia, Mkuu."

"Virudie vyote."

Nilimchukia wiki nzima. Leo nikiulizwa nani alinifundisha kazi namtaja yeye kwanza, na wale niliowafundisha mimi wanajua niliwaoshesha vioo mpaka wakaninunia.

Maabara yenyewe siitaji jina, maana waliopo leo hawana kosa. Ilikuwa Tanga mjini, vyumba vinne na baraza. Mimi ni Msambaa niliyezaliwa kambi ya mkonge. Baba alishuka kutoka milimani kutafuta kazi ya shamba, akabaki huko huko pwani. Kanisani kwetu, kwa Walutheri wenzangu, akina mama waliulizana binti wa Mzee Enea anafanya kazi gani, wakajibiwa kwamba Damari anachungulia damu ya ng'ombe. Walisikitika sana. Walidhani chuo nilichosomea kilikuwa cha uuguzi.

Kazi ilikuwa hivi. Unachukua tone la damu, kwa ng'ombe kutoka ncha ya sikio, kwa ndege kutoka mshipa wa chini ya bawa. Unaliweka upande mmoja wa slaidi, unalisukuma kwa ukingo wa slaidi nyingine kwa mkono usiositasita, linatandaa likawa utando mwembamba. Unaukausha kwa kuupepea, unauzamisha kwenye methanoli ili damu ishike kioo, kisha unaupaka rangi iitwayo Giemsa na kuusubiri karibu nusu saa. Ndipo unapodondosha mafuta ya lenzi na kuanza kutafuta. Tulichokuwa tukitafuta ni protozoa, vimelea wa seli moja tu, wadogo kiasi kwamba wengine huingia ndani ya chembe moja ya damu wakaishi humo na nafasi ikabaki. Ndigana ya ng'ombe ni kazi yao, nagana ni kazi yao, na malaria yetu sisi ni kazi yao pia.

Nilijaliwa jicho. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu mengine nitakayoyasema hapa hayana sifa. Wenzangu walikuwa wakichoka baada ya slaidi kumi, mimi nilikuwa naziona zikiongezeka nafurahi. Mkuu akaanza kuniita kwenye slaidi zinazobishaniwa, na mwaka wa tatu akanipeleka Pangani kusaidia ofisi ya wilaya.

Pangani nilikuwa chini ya Afisa Mifugo wa Wilaya, bwana mmoja Mbondei, mnene, mcheshi, anayejua majina ya ng'ombe wa watu kuliko majina ya wenyewe. Tulikwenda kijiji kwa kijiji kwa pikipiki, mimi nyuma nimepakata kasha la barafu. Yeye alikuwa na ada moja iliyonikera. Tukifika kwa mfugaji, hatukugusa mnyama mpaka mfugaji amalize kueleza. Na wafugaji wa huko wanajua kueleza.

"Atakwambia karogwa, katazamwa na hasidi, kala nyasi za makaburini," aliniambia siku nilipolalamika. "Msikilize mpaka amalize. Katika hayo yote kuna neno moja la kweli, na hilo hulipati kwenye damu."

"Bosi, damu haisemi uongo."

"Haisemi uongo, lakini husema kile ulichoiuliza tu. Haya, panda tuondoke."

Nilicheka. Nilimpenda yule bwana, lakini moyoni nilimweka kwenye kundi la wazee wa zamani wenye maneno mazuri na vioo vichafu.

Niliporudi Tanga baada ya miaka mingi nilikuta Mkuu wa kwanza amestaafu na mahali pake amekuja Daktari Mkuu, mtu mrefu, mkimya, mpenda ndege. Ilikuwa ile miaka ya hofu ya mafua ya ndege, tumeagizwa kwamba ndege yeyote wa porini akionekana amekufa aletwe apimwe. Basi wakaletwa kunguru, korongo, na ndege wala nyama wa kila namna. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu wa mjini wana jina moja tu, mwewe. Kila chenye kucha ni mwewe. Daktari Mkuu hakukubali hilo liandikwe kwenye daftari. Mwewe ni yule wa mkia wenye panda anayenyakua samaki wa watu sokoni. Furukombe ni yule mwenye kichwa cheupe akaaye midomoni mwa mito. Na kozi, si kozi ya chuo, ni yule mwenye mbio anayekamata njiwa angani.

Tukaanza kupima damu zao. Chembe nyekundu ya damu ya ndege ina kiini katikati, tofauti na yetu, na wapo vimelea wanaojikunja kukizunguka kile kiini mithili ya mkono uliopakata mtoto. Huletwa na nzi wanaoishi kwenye manyoya na visubi wanyonyao damu. Mara ya kwanza nilipowaona nilikimbia kumwita Daktari. Aliinama, akatazama, akanyanyuka.

"Hao ni wapangaji, Damari."

"Wapangaji?"

"Wamepanga, wanalipa kodi, nyumba hawaivunji. Kozi mzima anaweza kuwa nao mpaka anazeeka. Ukiwakuta kwa ndege aliyekufa usiwakamate haraka. Tafuta mwingine."

Neno lile nililipenda. Nikawa nalitumia hata kwa wageni, nikijiona mtaalamu. Tafuta mwingine, hilo nililisahau.

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya niandike. Kule Raskazone, kwenye zile nyumba za kizamani zinazotazama bahari, alikuwako mzee wa Kiarabu, Mzee Khalfani, ukoo wao ulitoka Omani enzi za mababu. Juu ya paa la jiko lake alikuwa na banda la njiwa la mbao, lenye vyumba na vidirisha kama nyumba ya ghorofa. Hakuwa akiuza njiwa. Mwanamke akijifungua mtaa ule, au mtu akitoka hospitali hana nguvu, Mzee Khalfani alipeleka njiwa wawili wa supu. Alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake, na baba yake kabla yake. Watu hawakumwita kwa jina, walimwita Mzee wa Njiwa, na kuna watu wazima Raskazone na hata Usagara waliolelewa na mama zao kwa nguvu ya supu ile.

Kozi nao walijua habari za banda lile. Waliweka kiota kwenye mvinje wa jirani, na asubuhi Mzee Khalfani alionekana juu ya paa akipiga debe kuwafukuza na kuwatukana kwa Kiarabu. Majirani walicheka. Kisha mwaka mmoja kozi wawili wakaokotwa chini ya mvinje ule, wamekufa, wamekonda. Afisa Wanyamapori akaanza kuulizauliza, na mtaani watu wakaacha kucheka.

Wa tatu alipatikana akiwa hai. Ilikuwa Ijumaa mchana. Afisa Wanyamapori alimleta kwa bajaji ndani ya boksi la biskuti, akaliweka mezani kwangu. Daktari Mkuu alikuwa safarini. Yule ndege alikaa mdomo wazi, ute ukimdondoka, mfupa wa kidari umetokeza, anameza kitu kisichoshuka. Nilimtoa damu. Nilimfunua mdomo nikaona nyuma ya ulimi utando wa njano, mzito, nikadhani ni mabaki ya nyama iliyooza. Nikapitisha pamba kooni, nikaitia kwenye kichupa, na kichupa nikakiweka kwenye friji, maana kanuni yetu ilikuwa moja na nilikuwa nikiwafokea vijana kwa ajili yake: sampuli zote kwenye baridi. Jioni ndege akafa.

Jumatatu asubuhi nilitazama. Damu ilikuwa na wapangaji wachache. Koo, hakuna kilichotikisika wala kilichojulikana. Nilikuwa nimeshika kalamu kujaza fomu nilipobishiwa hodi.

Alikuwa Mzee Khalfani mwenyewe, kanzu na kofia, mkononi kikapu kilichofunikwa kanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wasalimini hapa? Nimeambiwa yule kozi wa kwetu mnaye. Watu washaanza kunisema nimewatilia sumu. Wallahi sumu siijui hata rangi yake. Ndege wale wana kimeo."

"Wana nini?"

"Kimeo. Kimeo cha njiwa. Makinda yangu mwaka huu yanacho, nimekuletea huyu umwone. Na kozi akimla kinda mwenye kimeo, naye kinamshika kooni, hali tena mpaka anakufa. Marehemu baba alikuwa akiwatenga wenye kimeo, na maji akiwatengea. Mimi uzee umenizidi, sikuwatenga mapema."

Vijana wa siku hizi mkisema kimeo mna maana ya simu mbovu au gari linalokula mafuta. Sisi kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Mtoto akikohoa sana watu husema kimeo chake kimerefuka, akatwe. Mdogo wangu Yona alikatwa. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Fundi wa kukata alikuja kambini na wembe na kijiti, mama akamshika kichwa, mimi nikamshika miguu. Damu haikukata, na siku ya pili tukamzika. Kikohozi chake, nilikuja kujua nilipokuwa chuoni, kilikuwa kichomi cha kawaida cha kutibiwa kwa sindano.

Kwa hiyo aliposema kimeo mimi sikusikia habari ya njiwa hata kidogo.

"Mzee, ndege hana kimeo."

"Mtazame kooni, mwanangu. Mfunue tu mdomo."

"Hapa ni maabara. Kimeo ni maneno ya watu wanaoua watoto kwa wembe. Hayo kayasemee huko huko."

Alinitazama. Yule kinda ndani ya kikapu alikuwa anatoa mlio, nilimsikia. Akavuta kanga akamfunika vizuri.

"Haya. Niwie radhi kama nimekuudhi."

Aliniomba radhi yeye! Nilimjibu "Hakuna neno," nikarudi kwenye fomu. Nikaandika kwenye mstari wa damu kwamba vimelea waliopo si chanzo cha kifo, na kwenye mstari wa koo nikaandika neno moja, safi. Kumfunua kinda mdomo kungenichukua muda mfupi kuliko niliotumia kumkaripia.

Afisa Wanyamapori alipokuja kuchukua majibu aliisoma fomu akiwa amesimama.

"Kama si ugonjwa, kimebaki nini?"

"Sumu, labda," nikasema.

Yeye hakuandika labda. Ini la yule ndege lilipaswa kupelekwa maabara kubwa lipimwe sumu, na halikupelekwa. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amelipeleka. Fomu yangu ikatosha. Mzee Khalfani hakushitakiwa, alipewa onyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na banda likaamriwa livunjwe kwa sababu ndilo chanzo cha ugomvi wake na kozi. Njiwa walinyongwa mmoja mmoja wakafukiwa kwa chokaa. Sikuwapo. Nilisimuliwa kwamba alisimama pale mpaka wa mwisho akiwataja kwa rangi zao.

Lakini hilo si lililomuumiza zaidi. Watu walianza kujiuliza mtu anayetilia ndege sumu amekuwa akiwapa nini wazazi na wagonjwa wao. Mama mmoja alikuwa amepelekewa njiwa wawili siku chache kabla, wangali hai uani; aliwarudisha, akawaweka mlangoni kwa mzee bila kubisha hodi. Kisha likaja jina. Mzee wa Njiwa akawa Mzee Sumu. Tanga ukipewa jina umepewa.

Miaka ikapita. Daktari Mkuu akahamishwa, akaja mwingine, mwanamke, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, naye pia tukamwita Daktari Mkuu kwa sababu cheo hakina umri. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo mbele ya wote kisha akanituma kazi, na yote mawili aliyafanya kwa adabu. Alikuwa akichunguza vimelea wa ndege wala nyama wa pwani yetu, na akataka jicho langu. Ndiyo tukaenda Ushongo, tukatega nyavu kwenye minazi nyuma ya kijiji, kila ndege akipimwa na kuachiwa.

Siku ya pili tukamkamata kozi. Daktari alimfunua mdomo, akaniita. Nyuma ya ulimi palikuwa na utando mdogo wa njano. Akapitisha pamba, akaitia kwenye kichupa chenye maji ya chumvi, na mimi nikafungua kasha la barafu nikamshikia.

"La, mama. Huyu siyo wa barafu."

Akakitia kile kichupa kwapani, chini ya shati, akakibana kwa mkono, akaanza kutembea kuelekea nyumba tuliyofikia. Nilimfuata nikicheka. Nikamwambia tangu nizaliwe sijaona maabara ya kwapani. Hadubini tulikuwa tumeiweka mezani barazani. Alidondosha tone kwenye slaidi, bila rangi, bila kukausha, akarekebisha lenzi, akanipisha.

Walikuwa wamejaa. Wadogo, umbo la tone la maji, kila mmoja na mijeledi midogo mbele, wakitetemeka na kujipindua wakisukumana katikati ya ute. Sikuwahi kuwaona maishani mwangu.

"Hawa nao ni protozoa," Daktari akaeleza. "Lakini siyo wa damu, ni wa koo. Unawatambua kwa mwendo wao. Ukiwatia baridi wanaacha kutembea na kufa, hata uwe na jicho gani huwaoni, wanafanana na takataka nyingine zote. Wengi wanadanganyika hapo."

"Kozi anawapata wapi?"

"Kwa njiwa. Njiwa wengi wanao tu bila kuumwa. Makinda wanapewa na wazazi wao, kwenye ule uji wanaotapishiwa, au kwenye maji ya kunywa. Makinda wanaugua, kozi anakula walio wanyonge, ute unamjaa kooni, anashindwa kumeza. Anakufa kwa njaa. Mama, vipi? Umekaa chini ghafla."

Nilimwambia jua limenipiga. Nikaenda msalani nikafunga mlango nikalia, nimeuma ukingo wa kanga ili nisisikike. Kila alilolieleza Daktari nilikuwa nimeshaambiwa, kwa mpangilio ule ule, na mzee wa kikapu. Kinda, kozi, koo, maji ya kutenganishwa. Alikosea jina tu, na mimi nilikuwa na jina la kila kitu nikakosa kitu chenyewe.

Tuliporudi mjini nilitafuta daftari la mwaka ule. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilimweleza Daktari Mkuu yote, pamoja na Yona. Akasema kosa la baridi lingefanywa na yeyote aliyefundishwa wakati wangu.

"Na kosa la kinda?" nikamuuliza.

Alisema, "Andika barua ya masahihisho, mama. Nitaipeleka kwa Afisa Wanyamapori na kwa mtaa. Nitaisaini na wewe."

Niliiandika jioni ile ile. Nikaitia kwenye droo. Nilijiambia nitaisoma tena kesho niirekebishe Kiswahili. Nikajiambia nimebakiza miaka mitatu, faili langu halina doa, vijana niliowakaripia kwa slaidi chafu watanitazama vipi. Nilijiambia mzee amezoea. Daktari aliniuliza mara mbili, mara ya tatu akaacha, na heshima yake kwangu ikabaki ya shikamoo tu. Miaka mitatu barua ile ilikaa chini ya kalamu na pini, nami nikiingia kazini kila asubuhi kama mtu mwema. Niliogopa. Ndiyo sababu, sina nyingine.

Niliagwa kwa keki na kitenge. Kwenye hotuba walisema sijawahi kukosea slaidi. Siku iliyofuata nilipanda bodaboda mpaka Raskazone.

Mzee Khalfani alikuwa barazani peke yake. Macho yalikuwa yamepungua nuru, ilibidi nijitaje. Nikamweleza kila kitu, kichupa, friji, wale wa kutembea, neno nililoandika. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa upole:

"Na hayo umeshamwambia nani?"

"Nimekuja kukwambia wewe kwanza, mzee."

"Mimi nilikuwa nikijua, mwanangu. Nilikuwa nikijua siku ile ile. Kawaambie wasiojua."

Miaka yote ile nilidhani kazi ngumu ni kumkabili yeye.

Nyinyi mnaoingia maabara sasa, mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na hamhitaji ushauri wangu kuhusu Giemsa. Nina moja tu. Msiandike safi. Koo likiwa na kitu ambacho hamkukiona, haliwi safi kwa sababu nyinyi ni hodari. Andikeni "sikuona," na andikeni mlitazama vipi, baada ya muda gani, kwenye baridi au joto. Na aliyeleta mnyama akitumia neno la kijinga, andikeni neno lake lilivyo. Nilifanya kazi yangu kwa mapenzi, nikaifanya vizuri siku nyingi, na siku zile zote nzuri hazikumsaidia mtu mmoja aliyesimama mbele yangu na kikapu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Yule wa zamani amefariki, aliyepo ni kijana mpole. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya Mzee Khalfani. Akakunja uso akijaribu kukumbuka, kisha ukamkunjuka: "Ahaa, Mzee Sumu! Ana nini?" Habari za kozi hakuwahi kuzisikia, wala za banda. Jina ndilo alilolikuta.

Alinipa nafasi kwenye mkutano wa mtaa, Jumamosi asubuhi, chini ya turubai, baada ya ajenda ya taka na kabla ya ajenda ya maji. Mzee Khalfani aliletwa na mjukuu wake wa kike akakalishwa mstari wa mbele. Nilisimama nikasema kwa lugha nyepesi kwamba mzee huyu hakumtilia ndege yeyote sumu, kwamba kozi walikufa kwa ugonjwa wa koo unaotoka kwa njiwa, kwamba alikuja kunieleza na mimi nikamfukuza, na kwamba niliandika uongo nikidhani ni kweli, kisha nikajua ukweli nikaukalia. Kuna wazee walioinamisha vichwa, na wanawake wawili watatu walijifuta macho. Nilipokaa walipiga makofi, sijui walimpigia nani, na mwenyekiti akasimama akamwomba mzee msamaha kwa niaba ya mtaa.

Mkutano ulipovunjika mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni alikuja mbio kabla mzee hajanyanyuliwa. Machozi yalikuwa bado yanamlengalenga. Alipiga goti kwa adabu, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mzee Sumu. Utusamehe, tulikuonea bure."

Mjukuu wa mzee alishtuka. Mimi nilifunika mdomo. Yule mama hakujua hata alichokisema, alikuwa akimsalimu tu kwa jina analomjua tangu utotoni.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Khalfani akasema. Aliitika upesi, bila kusita, kama mtu anavyoitika jina lake.